Kwa nini Atlanta ina asilimia mbili tofauti? Namna ya kusoma takwimu za rangi na asili za watu katika miji ya Marekani

Swali la msomaji: "Nafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita, na ninaandaa somo kuhusu miji ya Marekani. Chanzo kimoja kinasema Weusi ni asilimia 47 ya wakazi wa Atlanta, kingine kinasema ni theluthi moja. Nikijumlisha makundi yote ya Houston napata zaidi ya 100. Kipi ni sahihi? Na kwa nini miji ya kanda moja ina watu tofauti kabisa na miji ya kanda nyingine?"

Mwalimu, takwimu zako zote mbili za Atlanta ni sahihi. Ya kwanza inahesabu watu walio ndani ya mipaka ya jiji lenyewe, ambao kwa sensa ya 2020 walikuwa 498,715. Ya pili inahesabu Atlanta pamoja na viunga vyake: kaunti 29 zenye watu zaidi ya milioni 6. Maana yake ni kwamba katika kila watu kumi na wawili ambao wangekwambia wanatoka Atlanta, takriban mmoja tu ndiye anayekaa ndani ya jiji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani wanaishi mjini, uliza mji unaishia wapi. Wengi hurukia swali la kwanza, na ulinganisho wao wote wa miji unaharibika hapo hapo.

Mipaka ya miji ya Marekani haikuchorwa kwa kanuni moja. St. Louis ilijitenga na kaunti yake mwaka 1876, na tangu hapo haijaweza kupanuka. Leo ina watu 301,578 huku viunga vyake vikiwa na idadi kubwa mara kadhaa. Detroit nayo imezungukwa na manispaa zinazojitegemea. Houston, kwa upande wake, ilitumia sheria za Texas kumeza maeneo ya pembeni kadiri yalivyojengwa. Nashville iliunganishwa na kaunti yake mwaka 1963, Jacksonville mwaka 1968, Indianapolis mwaka 1970. Basi ukisema Detroit ina Weusi kama asilimia 77 na Houston asilimia 22, unaulinganisha mji uliobaki na kiini chake tu na mji uliojumuisha vitongoji vyake. Chukua Detroit na viunga vyake, watu wapatao milioni 4.4, na Weusi wanashuka hadi kama asilimia 22. Ukianza kwa kuwaonyesha wanafunzi Detroit kwa mipaka yote miwili, nusu ya somo imeshaeleweka.

Sasa Houston na jumla inayozidi 100. Sensa ya 2020 iliuliza maswali mawili, sio moja. Swali la kwanza: je, una asili ya Kilatino, yaani wewe au wazee wako mnatoka Mexico, Puerto Rico, Cuba na nchi nyingine zenye utamaduni wa Kihispania? La pili: rangi yako ni ipi? Mlatino anaweza kuwa Mweupe, Mweusi, Mmarekani wa asili au mchanganyiko. Ukichukua asilimia 44 ya Walatino wa Houston ukaijumlisha na asilimia za rangi zote, unawahesabu Walatino mara mbili. Dawa yake ni jedwali linaloitwa P2, ambalo huwaweka Walatino wote kwenye mstari mmoja na kuzigawa rangi za wasio Walatino peke yao. Kwa hesabu hiyo Houston, yenye watu 2,304,580, ina Walatino 44, Weupe karibu 24, Weusi 22 na Waasia 7, na kilichobaki ni wenye asili mchanganyiko na makundi madogo. Jumla inakaa sawa.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ingia data.census.gov, andika P2 na jina la mji, kisha chagua sensa ya 2020. Kwenye kichujio cha eneo, "Place" ni mji kwa mipaka yake ya kisheria, "County" ni kaunti, na "Metropolitan" ni mji na viunga vyake. Ndani ya jedwali, mstari wa 1 ni jumla, wa 2 ni Walatino, wa 5 hadi wa 10 ni rangi moja moja za wasio Walatino, na wa 11 ni waliotaja rangi mbili au zaidi. Jumlisha wa 2 na wa 5 mpaka wa 11. Lazima upate mstari wa 1 bila kupungua hata mtu mmoja. Mistari ya 3 na 4 ni jumla ndogo, usiiguse. Hesabu ikikataa, karibu kila mara umejumlisha mojawapo ya hizo mbili.

Ipo mitego mingine ambayo jedwali halikwambii. Usilinganishe rangi za 2010 na za 2020 kama vile kipimo ni kile kile. Mwaka 2020 Ofisi ya Sensa ilibadilisha namna ya kusoma maelezo ambayo watu waliyaandika kwa mkono chini ya kisanduku cha rangi, na wenye rangi zaidi ya moja wakaruka kutoka milioni 9 hadi milioni 33.8. Sehemu ya ongezeko hilo ni vizazi vipya, lakini sehemu kubwa imetokana na mabadiliko ya usomaji. Tena hesabu yenyewe haikumfikia kila mtu kwa kiwango kimoja: ukaguzi uliofanywa na ofisi hiyo baadaye ulionyesha kwamba Walatino walihesabiwa pungufu kwa asilimia 4.99 na Weusi kwa 3.30, wakati Weupe wasio Walatino walizidishwa kwa 1.64. Na wafungwa huhesabiwa pale gereza lilipo, wanafunzi wa chuo pale wanapoishi wakisoma. Ukikuta mji mdogo wa mashambani wenye Weusi wengi kuliko majirani zake, na karibu wote ni wanaume watu wazima, angalia kama una gereza kabla hujatunga nadharia yoyote ya uhamiaji.

Swali lako kubwa ni la kanda. Ofisi ya Sensa ina kanda nne: Kaskazini-Mashariki, Magharibi ya Kati, Kusini na Magharibi. Kumbuka kwamba kwa ugawaji huo Baltimore na Washington ziko Kusini, sawa na Texas yote. Lakini kanda peke yake haielezi mengi. Swali linalofungua mambo ni hili: mji huu ulikua lini, na wakati huo sheria na ajira zilimruhusu nani aje? Wakazi wa mji wa Marekani ni matokeo ya muongo ule ambao viwanda vyake, bandari yake au mashamba yake yalihitaji mikono, pamoja na mlango uliokuwa wazi wakati huo.

Anzia Magharibi ya Kati, kwa sababu hapo chanzo na matokeo vinaonekana wazi kuliko popote. Mwaka 1910 takriban Wamarekani Weusi tisa kati ya kumi waliishi Kusini, na Detroit ilikuwa na Weusi 5,741 tu, asilimia 1.2 ya mji. Mwaka 1914 Ford ikaanza kulipa dola 5 kwa siku. Mwaka ule ule vita vya Ulaya vikakata meli za wahamiaji, na sheria ya uhamiaji ya 1924 ikaufunga mlango wa Ulaya ya Kusini na Mashariki karibu kabisa. Viwanda vikageukia Kusini. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Weusi wapatao milioni 6 waliondoka Kusini, wakikimbia ukandamizaji na ukosefu wa haki uliotishia hadi maisha yao, na wakifuata mishahara. Walifuata reli. Reli ya Illinois Central iliwachukua watu wa Mississippi moja kwa moja hadi Chicago; watu wa Virginia, Carolina na Georgia walipanda njia ya pwani hadi Philadelphia na New York; wa Texas na Louisiana wakaenda Los Angeles na Oakland. Mpaka leo familia nyingi za Weusi wa Chicago zina ndugu Mississippi.

Kilichofuata walipofika ndicho kilichoichora miji tunayoiona leo. Kuanzia 1934 serikali kuu ilidhamini mikopo ya nyumba, lakini mitaa ya Weusi ilitiwa alama nyekundu kwenye ramani na kunyimwa. Mikataba ya nyumba ilikuwa na vifungu vya kukataza kumuuzia Mweusi. Mahakama Kuu ilivinyima nguvu mwaka 1948, na ubaguzi wa makazi wenyewe ukapigwa marufuku kwa sheria ya 1968. Kwa hiyo viunga vipya vya miaka ya 1940 na 1950 vilijengwa kwa mikopo ambayo Weupe waliweza kuipata na Weusi hawakuweza. Detroit ilifikia kilele cha watu 1,849,568 mwaka 1950. Mwaka 2020 ilikuwa na 639,111. Walioondoka kwanza, wakiwa wengi Weupe, walivuka mpaka wa jiji kwenda manispaa zenye kodi na shule zao. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken dhidi ya Bradley, Mahakama Kuu ilikataa mpango wa kuchanganya wanafunzi wa Detroit na wa viungani, na mpaka wa jiji ukabaki kuwa mpaka wa shule. Asilimia 77 ya Detroit inahitaji kusomwa pamoja na historia hiyo. Ukiitaja peke yake mbele ya wanafunzi, watadhani watu walichagua tu kukaa hivyo, na hilo si kweli.

Chicago ni tofauti kidogo kwa sababu iliendelea kupokea watu, hasa kutoka Mexico. Katika wakazi wake 2,746,388, Weupe ni kama 31, Walatino 30, Weusi 29 na Waasia 7. Kwenye karatasi unaona usawa mzuri, lakini mtaani haupo. Hapa ndipo unahitaji fahirisi ya utengano, yaani kipimo cha kiasi ambacho makundi mawili yanaishi mbalimbali.

Namna ya kuikokotoa: gawa mji katika maeneo madogo ya kuhesabia, ambayo kila moja huwa na watu kama 4,000. Kwa kila eneo tafuta ni sehemu gani ya Weusi wote wa mji wanaishi hapo, na ni sehemu gani ya Weupe wote. Toa moja kwa nyingine bila kujali alama ya kutoa, jumlisha tofauti zote, gawa kwa mbili. Chukua mji wa kubuni wenye maeneo matatu. Weusi 1,000 wamegawanyika 700, 200 na 100. Weupe 2,000 wamegawanyika 200, 600 na 1,200. Kwa sehemu ni 0.7, 0.2, 0.1 dhidi ya 0.1, 0.3, 0.6. Tofauti ni 0.6, 0.1 na 0.5, jumla 1.2, nusu yake 0.6, yaani 60. Maana yake asilimia 60 ya Weusi wangelazimika kuhama eneo ili mgawanyo ulingane. Zaidi ya 60 huhesabiwa kuwa utengano mkubwa, chini ya 30 mdogo. Chicago, Milwaukee na Detroit pamoja na viunga vyao zimekaa juu ya 70 kati ya Weusi na Weupe. Angalizo moja: kundi likiwa dogo sana, kwa mfano watu mia chache katika mji mzima, fahirisi hupanda kwa bahati tu. Usiitumie hapo.

Kaskazini-Mashariki, New York peke yake inatosha somo. Watu 8,804,190: Weupe kama 31, Walatino 28, Weusi 20, Waasia 16. Hakuna kundi lenye nusu. Lakini ukifungua neno "Mlatino" hapo, unakuta Wapuerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu 1917 na walifika kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, na Wadominika waliofuata. Ukifungua "Mweusi", unakuta wajukuu wa waliotoka Carolina wakikaa mitaa jirani na Wajamaika, Wahaiti na Waafrika wa Magharibi. Waliokuja karibuni waliingia kupitia sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyofuta mgao wa nafasi kwa kufuata asili ya taifa. Sheria hiyo ndiyo mstari mkuu wa historia ya miji ya Marekani katika karne iliyopita, na ningeweka mwaka huo ubaoni kwa herufi kubwa.

Kusini kuna miji ya namna mbili, na watu huichanganya. Ipo ile iliyozaliwa na pamba, chuma na mto: Memphis, Birmingham, na Jackson ya Mississippi ambako karibu watu wanane kati ya kumi ni Weusi. Hao wengi ni vizazi vya watumwa ambao hawakuhama, na tangu miaka ya 1970 baadhi ya wajukuu wa waliohama wamekuwa wakirudi Kusini, hasa Atlanta. Leo zaidi ya nusu ya Weusi wa Marekani wanaishi Kusini. Wakati huo huo ndani ya jiji la Atlanta sehemu ya Weusi imeshuka, ilikuwa kama theluthi mbili mwaka 1990, kwa sababu kodi za nyumba zimepanda na familia nyingi za Weusi wa kipato cha kati zimenunua viungani. Washington imepitia hilo hilo kwa kasi zaidi: asilimia 71 mwaka 1970, kama 41 mwaka 2020.

Aina ya pili ni miji ya Kusini iliyotazamana na Amerika ya Kilatini. Miami, baada ya mapinduzi ya Cuba ya 1959 na baada ya boti za 1980 zilizotoka bandari ya Mariel huko Cuba na kuleta watu wapatao 125,000, ina Walatino kama asilimia 70. Jirani yake Hialeah wanazidi tisa kati ya kumi. Huko Texas, San Antonio wako kama 64, El Paso kama 81, Laredo kama 95. Lakini Laredo haijajazwa na wageni wa jana: ilikuwa mji wa Wamexico kabla mpaka haujahamishwa kuwapita, na mkataba wa 1848 kati ya Marekani na Mexico ndio uliohitimisha jambo hilo.

Mkataba huo huo ndio unaoanzisha Magharibi, maana California na sehemu kubwa ya kusini-magharibi zilikuwa Mexico. Los Angeles ina Walatino karibu 47, Weupe 29, Waasia 12, Weusi 8. Wachina waliojenga reli walifungiwa mlango kwa sheria ya 1882. Wajapani na Wamarekani wenye asili ya Japani wapatao 120,000 walihamishwa kwa nguvu mwaka 1942. Na bado San Francisco leo Waasia ni kama theluthi moja, na Honolulu ni zaidi ya nusu. Weusi wengi wa Oakland na Richmond walikuja kufanya kazi kwenye viwanda vya meli wakati wa vita. San Francisco walikuwa asilimia 13 mwaka 1970, sasa ni kama 5, na bei ya nyumba ndiyo iliyowatoa. Portland ya Oregon huwashangaza wanafunzi: mbona mji mkubwa una Weusi kama 6 tu? Jibu ni sheria. Oregon ilipitisha sheria ya kuwazuia Weusi kuishi humo mwaka 1844, ikakiweka kizuizi hicho kwenye katiba yake mwaka 1857, na kifungu hakikufutwa mpaka 1926.

Bado kuna watu ambao jedwali la rangi linawameza. Dearborn, ubavuni mwa Detroit, ina watu wapatao 110,000, na zaidi ya nusu wana asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, Walebanoni, Wayemeni na Wairaki. Kwenye P2 utaona mji wa Weupe, kwa sababu kanuni za serikali kuu za 1997, zilizotumika kwenye sensa ya 2020, zinawaweka Waarabu kwenye kundi hilo. Mzanzibari mwenye asili ya Oman akijaza fomu kwa kufuata kanuni hizo, naye ataingia humo. Jirani yake wa Kigujarati kutoka Dar es Salaam ataingia Uasia. Mmakonde ataingia Weusi. Machi 2024 serikali kuu ilibadilisha viwango: swali la asili na la rangi liwe moja, na kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini liwe na kisanduku chake. Data zitakazofuata viwango hivyo hazitalinganika moja kwa moja na unazofundisha sasa, kwa hiyo waandikishe wanafunzi mwaka wa sensa pembeni ya kila takwimu.

Kundi la Weusi nalo linahitaji kufunguliwa, maana karibu mmoja kati ya kumi amezaliwa nje ya Marekani. Minneapolis imekuwa kitovu cha Wasomali tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na Columbus ya Ohio inafuata. Lewiston, mji mdogo wa Maine, jimbo ambalo karibu wote ni Weupe, ilianza kupokea Wasomali mwaka 2001. Baadaye wakaja Wasomali Wabantu, ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua walichokuja nacho mababu zao waliotekwa kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Wakongo wanaozungumza Kiswahili wamepelekwa kama wakimbizi Louisville, Des Moines, Boise na Clarkston karibu na Atlanta. Kuwapata, tumia jedwali B16001 la utafiti wa kila mwaka uitwao American Community Survey: lina mstari wa Kiswahili, ingawa kimechanganywa na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Jedwali B05006 ni la mahali pa kuzaliwa, na takwimu za namna hiyo zina mtego ambao wasomaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kuujua kuliko wengine: kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, huandikwa kuwa amezaliwa Tanzania. Idadi yoyote ya "waliozaliwa Tanzania" utakayoikuta katika mji wenye wakimbizi wengi haiwezi kusomwa kuwa idadi ya Watanzania. Na mdogo wake aliyezaliwa Louisville hayumo kabisa.

Utafiti huo hauhesabu kila mtu. Hutumwa kwa anwani kama milioni 3.5 kwa mwaka, hivyo kila makadirio huja na kiwango cha kukosea, kwa uhakika wa asilimia 90. Ukisoma 300 na kiwango cha 180, elewa ni kati ya 120 na 480. Kwa kundi dogo tumia data za miaka mitano zilizounganishwa, na kama kiwango cha kukosea kinazidi nusu ya makadirio, andika "wapo" bila kutaja idadi.

Kwa vipindi viwili vya somo, ningechukua Detroit, Laredo na Portland ya Oregon. Kila moja ipewe P2 ya jiji na ya viunga, idadi ya watu ya 1910, 1950 na 2020, na sheria moja iliyoamua nani akae. Houston iache kwa zoezi la nyumbani, maana ndiyo yenye makundi mengi ya kuwafanyisha wanafunzi hesabu ya mistari niliyoieleza juu.